Orodha ya TASAF, kadi ya chama na maneno ya "chama cha Waarabu": nani hasa ameshika kalamu?

mwana_makorora (Agosti 2025)

Assalaam aleykum, habari za jioni wakuu.

Uchaguzi wa Oktoba unakuja na mabaraza ya Tanga yamerudia nyimbo zake. Chama hiki cha Waarabu, kile cha watu wa Kaskazini, kile kingine cha wenye mali na Wahindi wa mjini. Asiyesema hayo husema vyote ni vya vigogo, sisi kazi yetu kupiga makofi na kula ubwabwa. Juu yake kuna hili la tumbo: eti huna kadi, usitegemee jina kuingia TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wala kikundi chenu kupata ile mikopo ya asilimia kumi.

Sitaki ushabiki, tumeushiba. Naomba wajuzi wanijibu haya:

1. Orodha ya kaya maskini hupitia kwa nani na nani, hatua kwa hatua? Balozi wa nyumba kumi ana nafasi gani humo kisheria?
2. Haya maneno ya rangi na asili kwenye vyama yametoka wapi, na sheria inasemaje?
3. Mwanachama wa kawaida akipiga kura za maoni, zile za ndani ya chama za kupata mgombea, kura yake inaishia wapi?

Tafadhali, anayejibu ataje kifungu au mwaka. Ahsanteni.

---

BarazaLaChuda

Waaleykum salaam. Nitashika la kwanza, ndilo linalouma.

Tuanze na balozi, maana hapo ndipo uzi ulipokatikia. Nyumba kumi zilianza zama za TANU, na katika mfumo wa chama kimoja chama na serikali vilikuwa mwili mmoja, kwa hiyo balozi alikuwa jicho la vyote viwili. Tangu vyama vingi virudi 1992, balozi ni kiongozi wa shina la CCM, basi. Si mtumishi wa mtaa, hana mhuri wa serikali, hatajwi popote kwenye sheria za serikali za mitaa kama ngazi ya utawala. Ngazi zinazotambulika mjini ni mtaa, kwa maana ya mwenyekiti wa kuchaguliwa, kamati yake na afisa mtendaji aliyeajiriwa. Vijijini ni kitongoji na kijiji. Lakini desturi haikufa. Mtu akitaka barua ya utambulisho anaambiwa "anza kwa balozi", naye anatii. Akishatii kwenye barua ya benki, kwenye TASAF hatauliza.

Sasa mpango wenyewe. TASAF ilianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati. Ruzuku ya fedha kwa kaya ilienea kwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini tangu 2012, ikafuata awamu yake ya pili tangu 2020. Orodha inatakiwa ipite hivi: wawezeshaji wa halmashauri wanakuja, unaitishwa mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji. Wakazi wenyewe wanataja vigezo vya umaskini wa hapo kwao, maana maskini wa Tongoni anayetegemea ngalawa ya mwenzake si sawa na maskini wa Pongwe anayelima shamba la kukodi. Mkutano huo huo unachagua watu wa kuzunguka na kuorodhesha kaya. Orodha ghafi inarudi mkutanoni, inasomwa kwa sauti. Baada ya hapo kila kaya iliyomo inahojiwa kwa dodoso: wangapi wanaishi humo, wangapi wanategemea, paa la nini, sakafu ya nini, wanapikia nini, wana mifugo, wana chombo gani cha thamani. Majibu yanaingia kwenye mfumo na mfumo unatoa alama. Wanaobaki chini ya mstari wanarudishwa tena mkutanoni kuthibitishwa, na hapo ndipo jirani anaruhusiwa kusimama na kusema "huyu ana nyumba mbili, zote kapangisha", au "mbona mama fulani hayumo?" Ndipo kaya inaandikishwa na kupewa kitambulisho, na mwakilishi wake mara nyingi huwa mama wa nyumba.

Hesabu basi: mikutano miwili au mitatu ya wazi, na dodoso moja. Kadi ya chama haimo popote.

Inaharibikaje? Kwa njia zisizofanana, na watu wanazichanganya.

Moja ni mkutano wenyewe. Tangazo linatoka asubuhi, mkutano saa nane mchana, siku ya kazi. Wanaofika ni wale waliopata habari mapema, na waliopata habari mapema ni wale walio karibu na uongozi. Sheria haijavunjwa, ila orodha imeshapinda. Na kwa kuwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 uliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, mwenyekiti wa mtaa, balozi na mwanachama mwenye sauti mara nyingi wanakaa kikao kimoja cha chama Jumamosi, na Jumatatu wanakutana tena kama serikali. Hapo hata wakitenda haki ni vigumu kwa mtu wa nje kuamini.

Ya pili ni dodoso, na hii haina chama. Chukua bibi wa Ngamiani aliyerithi nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, bati juu, sakafu ya saruji. Bati limetoboka na ukumbini kuna sufuria nne za kukinga maji, lakini dodoso linauliza paa ni la nini, jibu ni bati. Linauliza sakafu, jibu ni saruji. Alama zinapanda, bibi anatoka. Wakati huo kijana mwenye nguvu huko shambani, nyumba ya makuti, sakafu ya udongo, anaingia. Ukisimama nje unaona upendeleo, kumbe ni kipimo kinachopima nyumba kikadhani kimepima mfuko. Nyumba zetu za urithi mjini zinaumizwa sana na hili.

La tatu ni kuhesabu kaya. Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya nne. Mwandikaji mvivu anaandika nyumba, anapata kaya moja yenye watu kumi na saba. Au mwandikaji mjanja anaivunja kaya ya shemeji yake mara tatu. Serikali yenyewe ilikiri kwamba kulikuwa na maelfu ya kaya zisizostahili, ikaziondoa kwenye uhakiki wa 2016.

Na kuna kukosa malipo baada ya kuwa umeingia. Jina kwenye kitambulisho cha taifa "Mwanahamisi", kwenye laini ya simu "Mwanaamisi", malipo yanagoma. Mtu anaambiwa "subiri dirisha lijalo", malipo yenyewe hutoka kila baada ya miezi miwili, akikosa mara mbili ameshakaa miezi minne mikavu na ameshaamini kafutwa kwa kuwa hakwenda kwenye mkutano wa mheshimiwa. Kagueni herufi kwanza jamani.

Kwa mikopo ya asilimia kumi nitasema kwa kifupi. Ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa 2018: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, bila riba. Asilimia hizo zinatoka kwenye mapato ya ndani baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale yenye matumizi maalum, kwa hiyo halmashauri ikibaki na bilioni 1 inatakiwa kutenga milioni 100: 40, 40 na 20. Kikundi kinapitia kwa afisa maendeleo ya jamii, kinakuwa na katiba yake, akaunti yake ya benki na mchanganuo wa biashara. Kikundi cha watu kumi kikichukua milioni 10 kulipa ndani ya miezi 12, ni kama 833,400 kila mwezi, yaani 83,340 kwa kila mmoja. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarudishwa 2024.

Mnajua moja ya sababu za watu kutolipa? Hundi ya ubao yenye urefu wa mlango inakabidhiwa uwanjani na mwanasiasa, kofia na kanga za chama kila upande. Mama wa kikundi anaondoka anaamini kapewa zawadi na mheshimiwa. Zawadi nani analipa?

---

kofia_ya_kiua

Mkuu umeeleza vizuri karatasi. Uwanjani asiye na kadi hasogei mbele, mengine ni mapambo.

---

BarazaLaChuda

Sijakataa. Nimesema karatasi inasemaje ili ajue cha kushika. Mtu akimwambia mwenyekiti "mnapendeleana", jibu ni "kathibitishe". Akimwambia "naomba kuona muhtasari wa mkutano wa uthibitisho, orodha ya mahudhurio ikiwemo", hapo mazungumzo yanabadilika.

---

mzee_wa_sahare

Salaam nyote. Naingia kwenye swali la pili.

Rangi kwenye kura si neno la baraza, ilichapishwa kwenye karatasi ya serikali. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukichagua Mwafrika peke yake, karatasi yako imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu wapata elfu ishirini, Waasia hawakufika laki moja, na kila kundi kiti kimoja kwa jimbo. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga: ulitakiwa uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Manamba wa mkonge wa Tanga, waliokuwa wakiibeba nchi mgongoni, wengi wao walibaki nje ya kura hiyo. Kwa hiyo rangi na tabaka vilikuja pamoja tangu siku ya kwanza. Tanga ilikuwa kwenye awamu ya kwanza, Septemba 1958.

Gavana Twining alikuwa ameshabariki chama cha UTP mwaka 1956, chama cha "rangi zote" kilichowavutia walowezi, matajiri wa Kiasia na baadhi ya machifu. TANU kwa upande wake ilikuwa ya Waafrika watupu kwa uanachama. Kwenye mkutano wa Tabora Januari 1958 wakabishana: tususie kura tatu au tuingie? Wakaamua kuingia, na pale ambapo sheria imelazimisha Mzungu na Mwasia, kuwaunga mkono wale wanaokubaliana nao. Ndivyo walivyopita watu kama Lady Chesham, Sophia Mustafa, Amir Jamal na Derek Bryceson. UTP haikupata kitu, ikafa.

Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaunda African National Congress, hoja yake Afrika ni ya Waafrika. Uchaguzi wa urais wa 1962 alisimama dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 2. Takwimu hiyo ikumbukwe kila mtu anaposema siasa ya rangi hapa kwetu "inalipa". Kelele zake ni nyingi, kura zake ndogo.

Lakini msidhani TANU wenyewe walikuwa kauli moja. Oktoba 1961, kwenye mjadala wa uraia, wapo wabunge wa TANU waliotaka uraia ufuate rangi, na Nyerere alitishia serikali nzima ijiuzulu. Uanachama wa TANU ulifunguliwa kwa wasio Waafrika mwaka 1963 tu. Kabla ya hapo Mhindi aliyepigania uhuru pamoja na TANU alikuwa anakaa nje ya mlango wa chama alichokipigia kampeni.

Halafu 1971. Sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilichukuliwa na serikali, fidia ilihusu majengo ambayo hayajazidi miaka kumi. Sheria haikutaja rangi hata mara moja. Lakini nani alikuwa na majengo ya kupangisha mjini? Pitieni mjini Tanga mwone maghorofa yale ya madirisha ya mbao na roshani za chuma, mengi yalijengwa na familia za Kihindi, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mhindi akasema tumeonewa kwa rangi. Mwafrika aliyekuwa amepanga Ngamiani akasema haki imetendeka, kisha akangoja kupewa chumba, na wengi walingoja hadi leo. Walioingia wengi wao walikuwa wenye kazi serikalini na kwenye mashirika. Hapo mtu anachukia makundi mawili kwa mpigo: aliyekuwa nayo na aliyepewa.

Miaka ya 90 mwanasiasa Mchungaji Mtikila akaja na "magabacholi" kwa matajiri wa Kiasia na "walalahoi" kwa sisi wengine. Neno la pili limebaki kwenye lugha, la kwanza nashukuru linazeeka.

Kisheria: Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajili chama kwa ajili ya kabila, dini, rangi, jinsia au sehemu moja ya nchi, na inasema pia hakuna kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992 inadai usajili wa kudumu upatikane kwa wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwemo. Chama "cha Waarabu" au "cha Kaskazini" kwa maana ya usajili hakiwezi kuwepo. Ila watu 2,000 kwenye nchi ya mamilioni ni mlango mwembamba sana wa kupimia sura ya taifa, nadhani hilo kila mtu analiona.

---

mwana_makorora

Shukrani mzee wangu. Kwa hiyo nikitaka kujua kama chama kweli ni cha watu wa upande mmoja, niangalie nini?

---

mzee_wa_sahare

Usihesabu sura jukwaani, jukwaa hupambwa. Chukua katiba ya chama, tafuta Kamati Kuu inapatikanaje: wangapi wamechaguliwa na mkutano, wangapi wanaingia kwa cheo, wangapi ni wateule wa mwenyekiti. Kisha andika majina, mikoa yao pembeni. Wateule wakiwa wengi kutoka upande mmoja ilhali waliochaguliwa wametawanyika, umeshapata jibu, na halina haja ya kutukana kabila la mtu.

---

kifungu_kwa_kifungu

Nachukua la tatu, nikiunganisha na hapo alipoacha mzee.

Ugumu wa vyama vyetu unaanzia kwenye Katiba ya nchi yenyewe. Ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge zinataka mgombea awe mwanachama na awe amependekezwa na chama. Hakuna mgombea binafsi. Mtikila huyo huyo alilipeleka mahakamani: Mahakama Kuu ikampa haki 1994, Bunge likabadilisha Katiba mwaka huo huo kuziba tundu. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema suala hili ni la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua Tanzania inakiuka haki. Ibara bado ziko palepale.

Matokeo yake: anayeshika mlango wa chama anashika mlango wa Bunge. Na Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimekwenda. Mbunge mwenye akili anajua mwajiri wake ni nani, na si wewe wa Makorora. Ibara yenyewe nayo ina vichochoro: wale wanawake 19 wa viti maalum waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 walibaki bungeni, kesi ikazunguka mahakamani.

Sasa kura za maoni. CCM mwaka 2020 wajumbe walipiga, wengine wakaongoza kwa mbali na majina yao hayakurudi; ndipo lilipozaliwa lile neno "wajumbe si watu". Kwa haki kabisa, lawama walibebeshwa wajumbe peke yao wakati neno la mwisho halikuwa lao. Mwaka huu wapiga kura za maoni wameongezwa, lakini chujio liko mbele pia: Kamati Kuu inapunguza majina kwanza, wajumbe wanapiga kwa waliobaki, halafu vikao vya juu vinateua. Julai hii wamebadilisha katiba ya chama ili majina yanayorudi kwa wajumbe yaweze kuzidi matatu. Ni nafuu. Ila chujio la kwanza na la mwisho yote yako juu, la katikati ndilo lako.

Wapinzani wasicheke. CHADEMA nao uteuzi wa mwisho wa wabunge ni wa Kamati Kuu, na safari hii hawamo kabisa kwenye karatasi za kura. Viti maalum ndiyo pabaya zaidi, kwa vyama vyote: mpiga kura haoni jina, anaona chama, orodha inapangwa ndani na nafasi zinagawiwa kwa uwiano wa kura. Ukitaka kujua nani ana nguvu kwenye chama, tazama nani aliandika orodha ya viti maalum na kwa utaratibu upi. Mara nyingi utaratibu huo haumo kwenye katiba ya chama bali kwenye "mwongozo", na mwongozo unabadilika kila miaka mitano.

Upande wa fedha: ruzuku ya serikali inafuata wabunge na kura, kwa hiyo chama kidogo hakina, na kisicho nayo kinamtegemea mfadhili au mfuko wa mwenyekiti. Chama cha mfuko wa mtu mmoja hata kiwe na katiba ya dhahabu, vikao vinafanyika akitaka. Sheria inataka kila chama kipeleke kwa Msajili wa Vyama hesabu zilizokaguliwa kila mwaka pamoja na tamko la mali zake, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huwa zinagusa vyama. Someni kurasa hizo, ni chache.

Na ubwabwa: takrima, yaani "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, ilihalalishwa mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi Na. 6 ya 2010 inagusa hata mchakato wa ndani ya chama. Anayegawa fulana na vitenge kwa wajumbe usiku wa kuamkia kura za maoni ameingia kwenye sheria hiyo, asijifiche kwamba "haya ni mambo ya ndani".

Zamani angalau kulikuwa na miiko. Azimio la Arusha 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. CCM, kwenye kikao chao cha Zanzibar 1991, wakalegeza. Tangu hapo kiongozi ana haki ya kuwa tajiri, tulichobakiwa nacho ni tamko la mali kwa Sekretarieti ya Maadili chini ya Sheria Na. 13 ya 1995. Rejesta hiyo mwananchi anaweza kuomba kuikagua, kwa masharti.

---

kofia_ya_kiua

Mnasahau ile kaulimbiu ya CCM ya mafiga matatu. Rais, mbunge, diwani, vyote rangi moja, "ndipo chungu kikae". Sasa figa la nne mtaani.

---

kifungu_kwa_kifungu

Kura tatu za mkoloni zilikulazimisha uchanganye, mafiga matatu yanakuomba usichanganye. Tofauti ni kwamba leo ukichanganya karatasi haiharibiki. Zinakuwa karatasi tatu tofauti, unampa urais huyu, udiwani yule, hakuna anayekudai maelezo. Nashangaa watu wangapi hawajui hilo.

---

mwana_makorora

Nimefaidika mno. La mwisho, BarazaLaChuda: huo muhtasari nikiupata, nitazame wapi? Na wakikataa?

---

BarazaLaChuda

Muhtasari mara nyingi ni kaunta buku lenye jalada gumu, au karatasi zilizobanwa kwenye faili la mtaa kwa mtendaji. Omba kwa mtendaji, yeye ndiye katibu wa mkutano na mtunza kumbukumbu. Mwenyekiti akikwambia "anazo balozi", umeshapata la kuandika kwenye malalamiko.

Anza nyuma, kwenye mahudhurio. Safu zake huwa namba, jina, jinsi, simu, sahihi. Muhtasari ukisema waliohudhuria ni 212 na sahihi zimeishia 64, uliza hao 148 waliondokaje. Tazama mwandiko: sahihi kumi zinazofuatana zenye mkia mmoja wa "a" na wino mmoja uliofifia mahali pamoja zimeandikwa na mkono mmoja. Linganisha tarehe ya mkutano wa orodha ghafi na wa uthibitisho. Dodoso liko katikati, kwa hiyo tarehe haziwezi kuwa moja, wala kuachana siku mbili kwa mtaa wenye kaya mia. Kisha majina: yaliyosomwa mkutano wa kwanza, yaliyothibitishwa wa pili. Lililomo kwenye pili bila kuwemo kwenye kwanza linahitaji maelezo ya maandishi, maana mkutano unaweza kuongeza jina lakini sababu lazima iandikwe.

Wakikataa, andika barua, usiende kwa mdomo. Mistari sita inatosha: jina lako na mtaa, jina la mpango, tarehe ya mkutano, unachoomba kuona, siku uliyofika ofisini, na aliyekujibu kwa cheo chake. Usitaje chama hata kidogo, ukitaja tu barua inageuka ya kisiasa na inapata pa kulalia. Nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa, tarehe juu. Ikikaa kimya, peleka nakala kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri na uombe ijazwe fomu ya malalamiko, ipo. Kama umeombwa hela ili jina liingie, hiyo si ya mratibu tena, ni ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, 113, simu bure.

Kwa bibi wa nyumba ya urithi ninayemzungumzia juu, usiandike "nimeonewa". Andika "naomba dodoso lirudiwe", kisha taja: paa limetoboka, hakuna anayefanya kazi humo, wajukuu wangapi wanasoma, chumba gani kimepangishwa na kwa kiasi gani. Hicho cha mwisho ukikificha, jirani atakitaja.

---

mwana_makorora

Nimenakili yote. Kesho ofisi ya mtaa inafungua saa moja na nusu.

---

BarazaLaChuda

Nenda na kalamu yako. Ya pale huwa haina wino.